Sampuli Kwanza, Formalini Baadaye

Mtaa wa Nyalenda, Kisumu, unajua uchunguzi wa kifo ni kitu gani. Agosti 2017, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, polisi waliingia mtaani humo nyumba kwa nyumba, na mtoto Samantha Pendo, wa miezi 6, akapigwa kichwani akiwa mikononi mwa mamake. Alifariki hospitalini siku chache baadaye. Kesi ya kuchunguza kifo chake ilisikizwa Kisumu, na Februari 2019 hakimu Beryl Omollo akaamua kwamba polisi ndio wa kulaumiwa. Haki yenyewe imejikokota tangu hapo, lakini swali la nini kilichomuua Pendo lilijibiwa mahakamani na limeandikwa.

Wapo wafu wengine wa mtaa huo ambao hakuna anayeuliza habari zao. Kijana anakutwa asubuhi amelala kifudifudi katika chumba cha mabati, midomo imepauka, povu limekauka puani. Aliokuwa nao usiku wametawanyika. Ikifika adhuhuri mtaa mzima unanong'ona kwamba ni unga, yaani heroini. Ikifika siku ya kusafirisha mwili kwenda Siaya au Nyakach imeshakuwa malaria, au shinikizo la damu, au amerogwa, na wazee wengine wataitaja chira, laana ya kuvunja mwiko. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumewapiku wahenga: hata kifo chenyewe tunakificha.

Dai langu ni dogo, na si la huruma bali la utaratibu. Kijana yeyote anayekufa ghafla Kisumu bila sababu ya wazi achukuliwe damu, mkojo na majimaji ya jicho kabla ya mwili wake kutiwa dawa ya kuhifadhi. Bila hivyo, tunayoyasema juu ya vifo vya unga katika kaunti hii yatabaki kuwa umbea, yawe yametoka kwa mama mboga au kwa afisa mwenye cheo.

Najua kuna watakaosema unga ni habari ya Pwani. Hiyo ni picha ya zamani. Watafiti wakiongozwa na mwanaanthropolojia Jennifer Syvertsen, wakishirikiana na Kawango Agot na wenzake wa hapa hapa Kisumu, waliwahoji zaidi ya watu 100 wanaojidunga dawa za kulevya jijini, na matokeo yakaanza kuchapishwa katikati ya muongo uliopita. Kenya ilianza kutoa methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka uliofuata. Baadaye huduma hiyo ilifika Kisumu, katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa siku nyingi bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Serikali haifungui kliniki ya methadoni mahali pasipo na waraibu wa heroini. Mraibu aliyesajiliwa hufika, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na kipimo kikaandikwa. Basi walio hai tunawahesabu kwa miligramu. Wakishakufa tunategemea hadithi.

Tuufuate mwili. Mtu akifia hospitalini daktari hujaza fomu ya D1, na sababu ya kifo huandikwa na mtu aliyesomea udaktari. Akifia nyumbani, fomu ni D2, na mwenye kuijaza ni naibu wa chifu. Naibu wa chifu si daktari. Anauliza familia, familia inajibu, anaandika. Kifo kikiwa cha ghafla au cha kutiliwa shaka, Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 386, inawataka polisi wachunguze na kutoa ripoti kwa hakimu. Ndipo tukio huingizwa kwenye kitabu cha matukio, mwili ukabebwa kwa gari la polisi hadi mochari, na fomu ya upasuaji wa maiti ikatolewa.

Hapo ndipo mambo huanza kuyeyuka. Mochari hutoza ada ya kila siku. Kamati ya matanga imeshaundwa, kundi la WhatsApp la michango limeshafunguliwa, basi la kwenda nyumbani limeshalipiwa rubuni, na mjomba mmoja anajua mtu kituoni. Upasuaji unaonekana ni kero ya kuchelewesha mazishi na kuanika aibu. Mara nyingi unaachwa. Na hata unapofanywa, kisu kikishapita na viungo vikishatazamwa kwa macho, kazi huweza kuishia hapo bila kitu chochote kupelekwa maabara.

Kuna tatizo jingine linalotangulia yote hayo, nalo halizungumzwi kabisa: formalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti. Huku kwetu mwili hukaa mochari wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, ukisubiri watu wa ng'ambo, fedha na idhini ya wazee. Joto la Kisumu halina subira. Kwa hiyo katika mochari nyingi za ukanda huu mwili hutiwa dawa mapema, pengine siku ile ile ulipofika. Dawa husukumwa kwenye mshipa mkubwa, ikaenea mwilini na kuifukuza damu. Mhudumu anayefanya hivyo hana kosa, ndiyo kazi aliyoajiriwa na ndiyo familia inayolipia. Lakini kwa mchunguzi wa sumu, saa hiyo moja ndiyo inayoharibu kila kitu. Damu iliyokuwa na jibu imetoka, iliyobaki imechanganyika na kemikali, na formalini yenyewe huzigeuza baadhi ya dawa zikawa kitu kingine. Polisi akija siku ya nne na karatasi yake ya kuomba vipimo amechelewa. Mwili upo mzima, umelala pale pale, lakini ushahidi haupo.

Kwa nini haraka hiyo ina uzito hasa kwa heroini? Heroini ni mofini iliyopikwa na kemikali ya asetili, na mwili huivua asetili hizo upesi mno. Ikiingia kwenye mshipa, ndani ya dakika chache inakuwa kitu ambacho wanakemia hukiita monoasetilimofini, kisha inakuwa mofini tu. Sasa mofini ikipatikana kwenye damu haijasema imetoka wapi: inaweza kuwa ya sindano ya hospitali, na hata kodeini ya dawa ya kikohozi hugeuka mofini kiasi ikifika kwenye ini. Ile monoasetilimofini ndiyo saini ya heroini, na haidumu. Kwenye damu huisha mapema. Kwenye mkojo hukaa saa kadhaa. Kwenye majimaji ya ndani ya jicho, mahali palipojitenga na pasipooza haraka, huweza kupatikana hata pale damu iliposhaipoteza. Ndiyo maana nimetaja jicho. Si ushirikina wala si udadisi wa kikatili. Sindano nyembamba huingizwa pembeni, maji kidogo yakatolewa, na uso wa marehemu ukabaki kama ulivyokuwa.

Na damu nayo haichotwi popote. Mtu akishakufa dawa iliyokuwa imejikusanya kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo huendelea kuvuja polepole kuingia kwenye damu iliyo karibu, kama majani ya chai yanavyozidi kukoza maji hata baada ya moto kuzimwa. Damu ya moyoni inaweza kuonyesha kiwango cha kutisha ambacho mtu huyo hakuwa nacho alipokuwa hai. Wataalamu huchota damu ya paja, mbali na viungo hivyo, na kuitia kwenye chupa yenye chumvi ya floridi ya sodiamu ili vijidudu visiendelee kuila au kutengeneza pombe ndani yake. Chupa hufungwa kwa lakiri, huandikwa jina, tarehe na saa, na kila mkono unaoipokea husaini. Vifaa vyote hivi haviwezi kushinda gharama ya hema la matanga.

Mtu atauliza: si daktari wa maiti anaweza kuona tu? Katika mji wa ziwani, jicho peke yake ni shahidi dhaifu. Aliyekufa kwa afyuni na jamaa zake huacha mapafu mazito yaliyojaa maji, povu puani na mdomoni, mara nyingi na kibofu kilichofura kwa mkojo. Aliyezama majini naye hutoka na mapafu mazito na povu puani. Kijana akiopolewa ziwani Dunga, je, alizama kwa sababu hakujua kuogelea, au alijidunga ukingoni, akasinzia, akateleza? Viungo havitakwambia.

Malaria ni mtego mwingine. Tuko katika ukanda ambao vimelea vya malaria havitoki mwaka mzima, na mtu mzima anaweza kuwa navyo kwenye damu akaendelea na shughuli zake bila hata homa. Ukimpima marehemu wa Nyalenda ukakuta vimelea, umejua anaishi Nyalenda. Bado hujajua kimemuua nini. Malaria inayopanda kichwani huleta usingizi mzito na kupumua kwa shida. Afyuni nayo huleta usingizi mzito na kupumua kwa shida. Asiyepima vyote viwili ataandika kile ambacho familia inakipenda, na sioni familia itakayopenda unga.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wapo wanaodhani maabara ni mashine ya kutoa hukumu: tia damu, toa jibu. Toksikolojia ya afyuni haiko hivyo. Mwili wa mraibu huzoea. Kiasi cha heroini kinachomwezesha mtu aliyetumia miaka mitano kuamka bila arosto, yale mateso ya kukosa dawa, kinaweza kumuua mtu anayejaribu mara ya kwanza. Methadoni ni vivyo hivyo: kiwango ambacho mgonjwa wa kliniki anakibeba kila siku akienda kuuza mitumba soko la Kibuye ni kiwango cha kifo kwa mwanawe mdogo akiionja chupa. Kwa hiyo hakuna namba moja inayosema "hapa ndipo mtu hufa". Anayesoma matokeo lazima ajue marehemu alikuwa nani: alitumia kwa muda gani, alikuwa kwenye kliniki, dozi yake ya mwisho ilikuwa lini, alikunywa chang'aa jana yake, kulikuwa na sindano pale alipolala. Mgonjwa wa methadoni akigongwa na bodaboda, damu yake itakuwa na methadoni. Kuandika kwamba methadoni ndiyo iliyomuua ni uongo uliovaa koti jeupe, na uongo wa namna hiyo unaweza kuifunga kliniki nzima kwa kelele za wanasiasa.

Kumbuka pia wanaotoka jela. Aliyekaa gereza la Kodiaga miezi sita bila unga mwili wake umesahau mazoea, lakini kichwa chake kinakumbuka dozi ile ile. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa 2007, ulikuta kwamba katika wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Nasi tuna gereza, tuna waraibu wanaoingia na kutoka, na hatuna hata rekodi moja ya wazi inayounganisha tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kuzikwa. Wanaotoka katika vituo vya kurekebishia tabia wako katika hatari hiyo hiyo, na familia zinazowalipia hazielezwi.

Mara nyingi pia kinachoua si unga peke yake. Heroini hupunguza kasi ya kupumua, pombe hupunguza, vidonge vya usingizi, vile ambavyo Pwani wanaviita bugizi na ambavyo kwenye baa hutiwa kwenye vinywaji vya watu kwa jina la mchele, navyo hupunguza. Vitatu vikikutana, kila kimoja kwa kiasi ambacho kingevumilika peke yake, mapafu hunyamaza. Kwa hiyo maabara ikitafuta afyuni tu itapata nusu ya hadithi.

Wasiopenda uchunguzi huu si familia peke yao. Wapo pia wanaopenda neno "amezidiwa na dawa" kwa sababu linafunga faili. Mei 2012 kijana Mwingereza wa miaka 28, Alexander Monson, alikamatwa Diani kwa madai ya kuvuta bangi, akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema ni dawa za kulevya. Uchunguzi wa maiti ulikuta jeraha la kichwa lililotokana na kipigo, na vipimo vya sumu havikuonyesha dawa zilizotumiwa kabla ya kifo. Mahakama ya uchunguzi mwaka 2018 iliwatupia polisi lawama, na Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa 4 kwa kuua bila kukusudia. Miaka 9 na nusu. Na huyo alikuwa mtoto wa bwana mkubwa wa Uingereza, mwenye wazazi walioweza kulipa mawakili na kurudi Kenya mara kwa mara. Mtoto wa Nyalenda akifia seli na ikasemwa alikuwa mraibu, nani atabisha, na kwa chupa gani ya damu?

Ndiyo sababu siwaelewi watetezi wa haki wanaoogopa vipimo hivi kwamba vitawachafua maskini. Damu iliyopimwa vizuri humlinda mraibu kuliko inavyomshtaki. Inaweza kusema: ndiyo, alitumia unga. Inaweza pia kusema: hapana, hakuwa na kitu, basi elezeni hili jeraha.

Kuna jambo la sasa hivi linalozidisha haja hiyo. Heroini inayopita Afrika Mashariki hutoka Afghanistan, ikishuka pwani ya Makran na kuvuka bahari kwa majahazi. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, na kwa hesabu za Umoja wa Mataifa mashamba yakashuka kutoka hekta 233,000 mwaka 2022 hadi 10,800 mwaka 2023, yaani asilimia 95. Ghala za zamani haziishi mara moja, lakini wauza unga hawafungi duka kwa kukosa mali. Hutafuta cha kuchanganya. Pwani walionja hali hiyo kuanzia Desemba 2010, heroini ilipoadimika kwa miezi kadhaa na watumiaji wakaanza kumeza na kujidunga chochote kilichopatikana. Safari hii kinachoweza kujaza pengo ni kikali zaidi. Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa ajili ya dawa inayoitwa kush, na vijana walikuwa wakifa huku watu wakibishana mitaani kama ndani yake mna mifupa ya binadamu. Vipimo vya kemia vilivyotangazwa Februari 2025 vilikuta katika sampuli nyingi nitazini, afyuni ya kutengenezwa maabara yenye nguvu kuliko heroini. Uvumi ulizungumza miaka na miaka. Mashine ilipowashwa ndipo ikajulikana.

Hapa ielezwe pia kwamba kile kijiti cha bei rahisi cha kupima mkojo, kinachosema "afyuni ipo" au "haipo", hakitoshi. Kimetengenezwa kuitambua mofini na ndugu zake wa karibu. Tramadoli, fentanili, methadoni na hizo nitazini hupita mbele yake bila kuonekana. Kinachohitajika ni mashine inayotenganisha vitu kisha ikapima uzito wa molekuli zake. Idara ya Mkemia wa Serikali ina makao makuu Nairobi na matawi Mombasa na Kisumu, kwa hiyo hatuanzi porini. Tawi lipo mji huu huu. Swali kwa kaunti na kwa Wizara ni kama tawi hilo linapelekewa sampuli zinazofaa, na kama lina vitendanishi vya kuzipima kabla familia haijasahau.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la heshima ya maiti, na silidharau. Mwili wa Mjaluo una nyumbani kwake, una taratibu zake, na hakuna anayetaka kuupokea umechanwachanwa. Lakini jibu lipo karibu sana, mtaa jirani wa Manyatta. Tangu 2017 mradi wa CHAMPS, unaoendeshwa na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na washirika wake hapa Kisumu na Siaya, umekuwa ukiwaomba wazazi waliofiwa na watoto wadogo ruhusa ya kuchukua sampuli kwa sindano tu, bila kupasua mwili, ili kujua hasa kilichoua. Wazazi wanaelezwa, wengi wanakubali, wanarudishiwa majibu, wanazika. Ikiwa mama aliyefiwa na mtoto mchanga anaweza kukubali jambo hilo kwa kuambiwa ukweli kwa upole, sitaamini kwamba kaka wa marehemu wa miaka 24 hataweza. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza, saa ile ile mwili unapofika.

Pingamizi la fedha ni jepesi zaidi. Pombe ya methanoli inapoua watu wengi kwa usiku mmoja, kama ilivyotokea Mukuru mwaka 2000, Embu na kaunti jirani Mei 2014, na Kirinyaga Februari 2024, sampuli huchukuliwa mara moja na fedha hupatikana, kwa sababu maiti ni nyingi na kamera zipo. Unga huua mmoja mmoja. Huyu Jumanne, yule baada ya wiki mbili, mwingine mwezi ujao Obunga. Ukiwaweka pamoja pengine ni wengi kuliko wa chang'aa, pengine ni wachache. Asiyepima hana haki ya kusema lolote kati ya hayo mawili. Marekani hujua kwamba watu 107,941 walikufa kwa kuzidiwa na dawa mwaka 2022 kwa sababu kila kifo cha namna hiyo kina mtu mwenye kazi ya kukichunguza.

Sisi tulimtungia mtu huyo sheria. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilitiwa saini 2017, mwaka ule ule aliouawa mtoto Pendo. Ilikusudia kuutoa uchunguzi wa vifo vya mashaka mikononi mwa polisi na kuukabidhi kwa chombo huru. Miaka ikapita bila ofisi hiyo kusimama. Sidhani ni usahaulifu. Chombo huru kinachouliza kila maiti ilikufaje kingewauliza polisi maswali mengi mno.

Na mazungumzo haya yasitumiwe na yeyote kuwaandama walio hai. Kama matokeo ya maabara yatakuwa ngazi ya kufanyia misako Nyalenda, basi bora tusianze. Tayari hofu ya kukamatwa ndiyo inayowafanya wenzake marehemu wakimbie badala ya kumpigia mtu simu, na ndani ya dakika nne hadi sita ubongo usiopata hewa huanza kufa. Naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na afyuni, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1983, na tangu 2014 shirika hilo linataka ifikishwe kwa watu wa kawaida walio karibu na waraibu, si kwa madaktari peke yao. Huduma za mtaani zilizokuwa zikiibeba kazi hiyo zilitegemea sana wafadhili, na msaada wa Marekani uliposimamishwa Januari 2025 wengi waliiona sakafu ikitoweka. Takwimu za vifo ndizo zingempa waziri wa afya wa kaunti hoja ya kutenga fedha zake mwenyewe. Akija mbele ya Bunge la Kaunti na neno "inasemekana", ataondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wa Nyalenda A na Nyalenda B, ambao wamewazika vijana hawa na kutoa michango ya majeneza, walete hoja fupi katika bunge lao. Mochari yoyote yenye leseni ndani ya Kisumu isitie dawa mwili wa mtu aliyekufa ghafla kabla ya sampuli tatu kuchukuliwa na kufungwa. Gharama ibebwe na kaunti. Majina yabaki siri, na kila baada ya miezi mitatu hesabu itangazwe: wangapi, umri gani, kitu gani kilipatikana kwenye damu. Hoja hiyo haihitaji kusubiri Nairobi.

Na wewe msomaji, ukifiwa ghafla na kijana wako, usisubiri bunge. Kabla hujasaini karatasi ya mochari, mwambie daktari unataka damu ya paja, mkojo na majimaji ya jicho vichukuliwe, viandikwe tarehe na saa, na upewe nambari ya kufuatilia. Ombi hilo lina maana kabla ya formalini kuingia mwilini. Ikishaingia, hakuna maabara Kisumu wala London itakayoirudisha damu ile.